Joto Halipimwi kwa Zebaki Peke Yake

Mtu aliyepanda vilima vya Ngara, Tanzania, mpaka Bugarama, karibu na Burundi, huenda akastaajabu kusikia joto kali likitajwa huko, maana nchi ile ya migomba na mibuni imeinuka, na hewa yake aghalabu ni ya wastani. Lakini wataalamu, wanapopima udhaifu wa jamii mbele ya joto, hawaulizi tu jua limewaka kiasi gani, bali pia ni nani aliye juani, mwili wake una hali gani, na ana uwezo gani wa kujihami.

Kipimajoto cha kituo cha hali ya hewa hukaa kivulini, ndani ya kisanduku cheupe chenye kupitisha upepo, ilhali mkulima hupalilia juani na mtoto mchanga hulala mchana chini ya bati lisilo dari. Ndiyo sababu katika miaka ya 1950 Wamarekani, kwa ajili ya askari wao waliozimia mazoezini, walibuni kipimo ambacho katika sehemu 10 huhesabu 7 za joto la utambi uliolowa maji, lenye kuonyesha kama jasho litakauka, 2 za joto la tufe jeusi, na 1 tu ya joto la hewa.

Hata hicho hakitoshi. Huko Chicago, Julai 1995, joto liliua watu zaidi ya 700. Na Eric Klinenberg, mtaalamu wa elimu ya jamii, alipolinganisha mitaa miwili jirani, yote ya mafukara, alikuta vifo vingi pale ambapo wazee waliishi wapweke nyuma ya milango iliyofungwa, na vichache pale ambapo barabara na maduka yalijaa watu.

Sensa yetu ya Agosti 2022 iliandika umri, ulemavu, paa na maji ya kila kaya; haikuandika ni nani humpigia hodi ajuza adhuhuri, wala mjamzito hurudi shambani saa ngapi. Hayo huyajua balozi wa nyumba kumi na mhudumu wa afya wa kijiji, na daftari lao ndilo liwe mwanzo wa hisabu. Tena kiwango cha hatari kisiwe kimoja kwa Dar es Salaam na Ngara, kwa kuwa mwili usiozoea joto hudhurika mapema zaidi. Na nyanda za baridi zikiachwa nje ya kipimo kwa sababu ya ubaridi wake, wanyonge wake hawatahesabiwa kamwe.