Ukawiaji wa Nakala: Urudufishaji wa Kompyuta Pepe Katika Mazingira ya Bukavu

Makala haya yanakusudia kueleza kwa nini nakala za kompyuta pepe hukawia kufika zinakopelekwa, na jinsi chanzo cha ukawiaji huo kinavyoweza kutafutwa. Kompyuta pepe haina umbo lake yenyewe. Ni programu inayoishi ndani ya mashine kubwa pamoja na nyingine za aina yake, na mwili wake wote ni mafaili machache yanayoweza kuhamishwa. Hivyo hospitali au chuo kikipoteza jengo, kazi yaweza kuendelea kwingineko, mradi nakala iwe imekwisha kufika.

Kiswahili kinatoa hapa tofauti yenye manufaa. Kunakili, neno ambalo mzizi wake wa Kiarabu una maana ya kuhamisha, ni tendo la mara moja. Kurudufisha, ambalo mzizi wake una maana ya kufuata nyuma, ni tendo lisilokoma: nakala huifuata asili kila asili inapobadilika. Kunakili kukikawia, watu huudhika tu. Kurudufisha kukikawia, rekodi zote za wagonjwa au alama za wanafunzi zilizoandikwa tangu nakala ya mwisho hupotea siku ya janga.

Kwa Bukavu majanga hayo si ya kubuni. Tetemeko la tarehe 3 Februari 2008 lilibomoa majengo mjini, kwa hiyo nakala iliyowekwa Ibanda kwa ajili ya mashine iliyoko Kadutu haina kinga ya kutosha. Goma, kiasi cha kilomita 100 upande wa pili wa Ziwa Kivu, imo katika Bonde la Ufa lile lile. Lava ya Nyiragongo iliingia mjini humo tarehe 17 Januari 2002, na mlima ukalipuka tena tarehe 22 Mei 2021. Mwaka 2025 Goma na Bukavu ziliangukia mikononi mwa M23 katika muda usiotimia wiki tatu. Nakala ya kutegemewa yapaswa kwenda mbali zaidi, nayo safari ndefu huzaa ukawiaji.

Hata hivyo, si vyema kuilaumu njia ya mawasiliano kabla ya kupima. Kwanza nakala ifanywe ndani ya chumba kile kile, kutoka mashine moja hadi nyingine. Ikikawia hapo, kosa liko kwenye disiki au waya, na kununua njia pana zaidi ni kutupa fedha. Waya au tundu lisilopitisha zaidi ya megabiti 100 kwa sekunde litachukua zaidi ya saa 11 kuhamisha gigabaiti 500. Lenye uwezo wa megabiti 1,000 litachukua saa moja na dakika chache. (Wengi hukosea hesabu hizi kwa kuchanganya biti na baiti, ilhali baiti moja ni biti nane.)

Njia ya nje ikiwa ya megabiti 4, gigabaiti 500 hizo zahitaji siku 11 na nusu. Umeme ukikatika katikati, na programu ikianza upya kila mara, nakala haitakamilika kamwe. Kwa hiyo nakala ya kwanza yafaa ichukuliwe na msafiri katika disiki iliyofungwa kwa nywila, kisha yatumwe mabadiliko peke yake. Njia hiyo haipitishi zaidi ya gigabaiti 43 kwa siku. Taasisi inayobadilisha 50 itaachwa nyuma kila kukicha.

Setilaiti ina tatizo lake. Mtumaji hutuma kiasi fulani, kisha hungoja jibu. Kiasi hicho kikiwa kilobaiti 64, na jibu likichukua milisekunde 600 kwenda na kurudi, mkondo mmoja haupiti megabiti 0.9 kwa sekunde, hata njia iwe pana namna gani. Dawa ni kuongeza kiasi kinachotumwa kabla ya jibu, au kutuma kwa mikondo kadhaa pamoja.

Mwisho, nakala iliyofika huwashwa huko iliko, ikiwa imetengwa na mtandao, na saa ya rekodi ya mwisho iliyomo husomwa. Tofauti kati ya saa hiyo na saa ya Bukavu wakati huo huandikwa daftarini, nayo hupimwa tena kila mwezi.