Lori Likitoa Moshi Mweusi, Linalilia Hewa

Msimu wa maembe ukifika Idsowe, katika delta ya Tana, lori hulifuata tunda shambani. Huiacha lami ya barabara ya Malindi na Garsen, likashika njia ya udongo mweusi, likapakiwa hadi springi zikalala, kisha likatakiwa lijitoe lenyewe. Nchi ya delta ya Tana ni tambarare. Lori lililochoka linaweza kutembea miezi kwenye lami bila mtu kujua. Likiingia topeni na tani zake mgongoni ndipo siri hufichuka: dereva anakanyaga, injini inanguruma, moshi mweusi unaifunika miembe, na magurudumu hayatoki.

Fundi akiitwa, mara nyingi huenda moja kwa moja kwenye skrubu ya pampu ya dizeli. Anaifungua kidogo ili lori “lipate dizeli.” Siku hiyo lori huonekana limepona. Mimi nasema tiba hiyo imeua injini nyingi mno za watu wasio na fedha za kununua nyingine, na inaniuma kila ninapoiona ikirudiwa.

Dizeli haiungui peke yake. Kilo moja yake huhitaji takriban kilo 14 na nusu za hewa ili iungue yote, na injini iliyo nzima hupata hewa zaidi ya hiyo. Moshi mweusi ni masizi, yaani dizeli iliyofika kwenye silinda ikakosa hewa ya kuungulia. Basi lori linalotoa moshi huo limeshapewa chakula kingi kuliko pumzi yake. Ukiliongezea, ziada hugeuka moshi na joto.

Kazi ya tabo ni kuongeza pumzi hiyo. Mswisi Alfred Büchi ndiye aliyesajili hataza ya wazo hili mwaka 1905, na mwaka 1954 Volvo ikaliweka kwenye lori lake la Titan. Moshi wa moto unaotoka kwenye injini huzungusha gurudumu dogo lenye mapanga. Mhimili wa gurudumu hilo huzungusha gurudumu la pili, ambalo huvuta hewa kupitia eya klina na kuishindilia kwenye silinda. Mhimili huo unaweza kupita mizunguko 100,000 kwa dakika, ukielea juu ya utando mwembamba wa oili. Si kila lori kuukuu linayo: Isuzu yenye injini ya 4HG1 huvuta hewa yenyewe, lakini 4HG1-T ina tabo.

Tatizo ni kwamba tabo huchelewa. Ukikanyaga ghafla, dizeli hufika mara moja, ilhali hewa husubiri mapanga yashike kasi. Kwa sababu hiyo pampu nyingi za zamani za malori yenye tabo zina kikombe kidogo chenye kiwambo cha mpira ndani, kilichounganishwa na njia ya hewa kwa bomba jembamba. Shinikizo la hewa likipanda, kiwambo husukumwa, na pampu huruhusiwa kutoa dizeli zaidi. Hewa ikiwa haijafika, dizeli huzuiwa. Ni kifaa cha busara kabisa, kisicho na waya hata mmoja.

Ukishayajua hayo, lori lenyewe litakueleza ugonjwa wake. Likiwa zito bila moshi, dizeli haifiki: filta imeziba, pampu ndogo ya kuvuta mafuta imechoka, hewa inaingia kwenye mabomba, au lile bomba jembamba la kiwambo limepasuka na pampu inadhani tabo haijaamka. Likiwa zito na linatoa moshi mweusi, anzia kwenye hewa. Fungua eya klina, maana vumbi la njia hizi ni jingi. Kagua mipira mikubwa kati ya tabo na injini. Ufa usioonekana gari likiwa limesimama hufunuka shinikizo likipanda. Kaza klipu. Nozeli zinazodondosha mafuta badala ya kuyapuliza huleta moshi huo huo, kwa hiyo zipimwe kwa mashine yake. Moshi wa buluu ni habari nyingine: hapo inaungua oili, labda kwenye ringi, labda kwenye tabo.

Skrubu ya pampu iguswe mwisho, tena na fundi wa pampu mwenye mashine ya kupimia. Dizeli ya ziada hupandisha joto la eksosi, na joto hilo likidumu huyeyusha kichwa cha pistoni na kupasua gamba la tabo. Halafu kuna safari ya Nairobi. Kule juu, takriban mita 1,700 kutoka usawa wa bahari, hewa ni pungufu kwa karibu sehemu moja ya sita. Lori lisilo na tabo lililofunguliwa pampu hapa deltani litafika huko likifuka kama tanuri ya makaa.

Dereva naye ana sehemu yake. Asiilazimishe injini kuvuta kwa gia kubwa ikiwa mizunguko imeshuka, kwa sababu tabo hailishwi moshi wa kutosha. Ashuke gia mapema. Na lori likishatoka topeni likafika lami, asizime papo hapo. Aliache lingurume taratibu dakika mbili au tatu, oili ipite kwenye mhimili ulio moto, huku tanboi akikwangua tope kwenye magurudumu.