Viinitete vya Ng'ombe Huoshwa Mara 10 Kuzuia Magonjwa

Mfugaji anayenunua ng'ombe wa maziwa kutoka mbali humpokea pamoja na maradhi yoyote aliyoyabeba. Uhawilishaji wa kiinitete humwezesha kupata uzao wa ng'ombe bora bila kumsafirisha mnyama mwenyewe: kiinitete cha takriban siku saba huvunwa kutoka kwa ng'ombe mtoaji na kupandikizwa katika mfuko wa uzazi wa ng'ombe mpokeaji. Hata hivyo, kiinitete nacho chaweza kusafirisha ugonjwa kisiposhughulikiwa ipasavyo.

Kinga ya kwanza ni ya maumbile. Kiinitete cha umri huo kimezungukwa na utando uitwao zona pelusida, ambao vimelea vingi vya magonjwa haviwezi kuupenya, ingawa baadhi huweza kunata juu yake. Kwa sababu hiyo, viwango vya kimataifa vinavyotambuliwa na Shirika la Afya ya Wanyama Duniani vinaelekeza viinitete vioshwe mara 10, kila mara katika majimaji mapya na kwa mrija mpya uliotakaswa. Kila hatua hupunguza mabaki ya iliyotangulia angalau mara 100. Viinitete vya watoaji tofauti havioshwi pamoja. Baadaye mtaalamu hukagua uso wote wa kila kiinitete kwa hadubini inayokuza angalau mara 50. Chenye ufa, au chenye uchafu ulionata, hakistahili kutumika.

Utaratibu huo ukizingatiwa, uwezekano wa kueneza ugonjwa wa miguu na midomo au ugonjwa wa kutupa mimba kupitia kiinitete huwa mdogo mno. Virusi vya herpesi ya ng'ombe ni vikaidi zaidi, hivyo uoshaji huongezewa kimeng'enya cha tripsini. Viinitete vilivyotungishwa maabara vinahitaji tahadhari kubwa zaidi, kwa kuwa utando wake hushikilia vimelea kwa urahisi.

Naitrojeni ya kimiminika, yenye ubaridi wa nyuzi 196 chini ya sifuri, huhifadhi kiinitete kwa miaka mingi. Kwa bahati mbaya huhifadhi virusi pia, kwa hiyo kugandisha si kutakasa.

Linalosahaulika mara nyingi ni afya ya mpokeaji. Kiinitete safi kikipandikizwa kwa ng'ombe mwenye ugonjwa wa kutupa mimba, gharama yote yaweza kupotea, na anayemzalisha ng'ombe huyo naye huwa hatarini kuambukizwa. Kabla ya kulipia huduma, mfugaji aombe cheti cha afya cha mtoaji na kumbukumbu za uoshaji, kisha daktari wa mifugo ampime mpokeaji.