Wanaojitolea Kuukusanya Ukoo: Desturi ya Hawaii na Majina Yaliyofichwa

Katika visiwa vya Hawaii, vilivyo katikati ya Bahari ya Pasifiki, ipo desturi ya ukoo mzima kukusanyika mahali pamoja kila baada ya miaka kadhaa. Huja watu kwa mamia, wote wakiwa uzao wa babu na bibi mmoja walioishi katika karne ya 19, nao hukaa pamoja siku mbili au tatu wakila, wakisali na kutambuana. Maandalizi huchukua mwaka mzima au zaidi, na wanaoyabeba ni wanaukoo waliojitolea, wasiolipwa chochote. Mgeni akifika siku ya karamu atadhani kazi yao kubwa ilikuwa chakula. Sivyo. Kazi yao kubwa ni kujibu swali moja: ni nani aliye wetu?

Neno la Kihawaii kwa ukoo ni ohana. Asili yake ni oha, yaani chipukizi linaloota pembeni mwa gimbi. Aliyewahi kulima magimbi, au nduma kama wasemavyo ndugu zetu wa Kenya, anaijua hali hiyo: gimbi mama huvunwa, na machipukizi yake hupandwa upya, hivyo shamba lote la leo latokana na shina la zamani. Masimulizi ya kale ya Wahawaii yasema kwamba gimbi la kwanza liliota pale alipozikwa mtoto aliyezaliwa mfu, jina lake Haloa, na kwamba mdogo wake aliyerithi jina hilo ndiye mzazi wa taifa lao. Hayo ni masimulizi, si fundisho la imani. Hata hivyo yatufafanulia kwa nini chakula hicho hakikosekani kwenye karamu ya ukoo, kikiwa kimechemshwa, kikapondwa na kuwa uji mzito uitwao poi.

Msamiati wao wa ukoo hautatushangaza sisi tulio na baba wakubwa na mama wadogo. Neno makua humtaja mzazi, na pia ndugu zote wa mzazi. Binamu ni ndugu. Ukubwa na udogo kati ya mabinamu wa jinsia moja hufuata tawi la wazazi wao, wala si umri wao wenyewe, hata kijana aweza kuitwa mkubwa na mtu mwenye mvi. Kwa hiyo, asiyejua tawi lake hajui amwiteje mwenzake. Ndiyo maana kwenye mikutano hiyo matawi mara nyingi huvaa fulana za rangi mbalimbali, kila mtoto wa wale wazee wa mwanzo akiwa na rangi ya uzao wake. Ni mbinu rahisi sana, nayo huokoa maelezo mengi.

Ugumu waanza pale wanaojitolea wanapoketi kuandaa orodha ya kualikwa. Zamani Mhawaii alikuwa na jina moja tu, lisilokuwa la ukoo. Mwaka 1860, chini ya Mfalme Kamehameha IV, ilitungwa sheria iliyowataka watoto watumie jina la baba kama jina la ukoo na wapewe pia jina la Kikristo. Sheria hiyo ilifutwa mwaka 1967. Katika kuitekeleza, ndugu wa tumbo moja waliweza kubaki na majina ya ukoo yaliyotofautiana, na wajukuu wao wakaishi jirani bila kujua kwamba ni damu moja. Ipo pia desturi ya hanai, ambayo mtoto hukabidhiwa kwa babu na bibi au kwa ndugu mwingine amlee kama wake, pasipo hati ya mahakama. Mtoto huyo ana haki ya kuandikwa katika matawi mawili. Je, aandikwe wapi? Kamati nyingi humwandika pote, na kwa maoni yangu zafanya vema.

Kwa sababu hizo, waliojitolea hugeuka kuwa watafiti. Huwatembelea wazee kabla hawajafa na kunakili wanayoyakumbuka. Hutafuta hati za serikali, husoma mawe ya makaburi, na hupekua magazeti ya Kihawaii yaliyochapishwa tangu mwaka 1834 hadi karne ya 20, ambamo familia zilikuwa zikitangaza maombolezo ya wafu wao pamoja na majina ya jamaa. Wengine hubisha hodi parokiani. Wamisionari wa kwanza Wakatoliki walifika Honolulu mwaka 1827, na Kanisa, popote lilipo, huandika ubatizo: jina la mtoto, wazazi, wasimamizi, tarehe. Kanuni ya 535 ya Sheria za Kanisa yazitaka parokia zitunze vitabu hivyo kwa uangalifu. Katibu wa parokia anayeandika kwa mwandiko unaosomeka huenda hafikirii kwamba mtu wa mwaka 2150 atakuja kumtafuta bibi yake humo.

Tena kuna majina yaliyofichwa kwa makusudi. Mwaka 1865 ilipitishwa sheria ya kuwatenga wagonjwa wa ukoma, na kuanzia Januari 1866 walipelekwa kwenye rasi ya Kalaupapa katika kisiwa cha Molokai, iliyozungukwa na bahari pande tatu na genge refu upande wa nne. Hadi utaratibu huo ulipokomeshwa mwaka 1969, watu wapatao 8,000 walikuwa wamepelekwa huko, wengi wao Wahawaii wa asili. Watoto waliozaliwa Kalaupapa walitengwa na wazazi wao na kulelewa kwingine. Kwa kuona aibu, au kwa kuogopa kunyanyapaliwa, familia nyingi ziliacha kuwataja jamaa zao waliopelekwa. Kizazi kimoja kilinyamaza, kilichofuata hakikuambiwa, na cha tatu hakikujua hata kwamba kuna jambo la kuuliza.

Sisi Wakatoliki twaijua Kalaupapa kwa sababu ya Mtakatifu Damiani, padre Mbelgiji aliyefika huko Mei 1873, akaambukizwa ukoma, akafa Aprili 15, 1889, na kutangazwa mtakatifu mwaka 2009. Na kwa sababu ya Mtakatifu Marianne Cope, aliyetangazwa mwaka 2012. Yafaa tuwafahamu pia wale walioitwa kokua, neno la Kihawaii lenye maana ya msaidizi. Hao walikuwa wake, waume na ndugu wazima wa afya waliochagua wenyewe kuwafuata wagonjwa wao rasini, ili wawapikie, wawaoshe na kuwazika. Leo neno hilohilo hutumika kwa msaada wa kawaida, hata ule wa kupanga viti na kuosha masufuria siku ya mkutano wa ukoo.

Tangu mwaka 2003 kipo chama cha wazao na marafiki wa Kalaupapa, Ka Ohana O Kalaupapa, kinachowasaidia watu kupata habari za jamaa zao waliopelekwa huko. Kamati ikipata jina la namna hiyo, hulazimika kuamua kama italiandika kwenye mti wa ukoo utakaotundikwa mbele ya watu wote. Pengine binti wa marehemu, sasa ajuza, amekaa miaka yote bila kulitamka. Hapo haraka haifai. Huenda mtu anayeaminiwa na mama huyo, tena faraghani. Mwinjili Mathayo, alipoandika ukoo wa Bwana wetu, aliwataja Tamari, Rahabu, Ruthu na mke wa Uria, ambao mwandishi mwenye kuona haya angewaruka. Jina likirudi, marehemu huyo huombewa pamoja na wenzake katika Misa. Kwa sisi tunaosadiki ushirika wa watakatifu, hilo si jambo dogo.

Migogoro ya walio hai nayo haikosi. Sheria ya mwaka 1850 iliwapa wakulima wadogo hati za vishamba vyao; kwa kuwa wengi walikufa bila wosia, kishamba kimoja leo chaweza kuwa na warithi kadhaa wa kadhaa, na baadhi yao hawasemezani. Wazee wenye hekima hupenda jambo hilo lishughulikiwe kabla ya mkutano. Njia ya kale ni hooponopono, maana yake kusawazisha. Mzee anayeheshimiwa huwaita wahusika, husali, huwataka waseme ukweli kwa zamu wakimwelekea yeye badala ya kurushiana maneno, kisha kila mmoja huomba msamaha na kusamehe. Mwisho husali tena na kula pamoja. Si Sakramenti ya Upatanisho, wala haiwezi kushika nafasi yake. Ila yeyote aliyejaribu kusuluhisha ndugu wa ukoo mmoja juu ya shamba anajua thamani ya kikao kinachoanza kwa sala na kukataza kukatizana maneno.

Fedha hupatikana kwa michango na kwa kuuza vyakula. Nazo zahitajika, kwa maana gharama za maisha visiwani zimewahamisha wengi: kwa sensa ya Marekani ya mwaka 2020, zaidi ya nusu ya Wahawaii wa asili huishi nje ya Hawaii. Nauli ya ndege ya familia moja si mzaha.

Usiku wa kuamkia karamu wanaume huchimba shimo, hupasha mawe moto, hutandika migomba iliyopondwa, huweka nguruwe mzima na kufukia. Wakati nyama ikiiva, mti wa ukoo tayari umetundikwa ukutani, umechukua kuta mbili au tatu. Kalamu huning’inizwa kando yake kwa kamba. Watu hutafuta majina yao kwa kidole, hubishana, husahihisha tarehe, humwongeza mtoto aliyezaliwa mwezi uliopita. Jumapili jioni waliojitolea huishusha ile karatasi pamoja na masahihisho yake yote, huikunja, na kuikabidhi kwa tawi litakaloandaa mkutano ujao.