Joan Miró na mazimwi ya Barcelona katika chapa za jiwe

ANAYEZITAZAMA kwa mara ya kwanza chapa 50 za Msururu wa Barcelona, kazi ya mchoraji Joan Miró wa Hispania, anaweza kudhani ni michezo ya mtoto aliyepewa wino na karatasi.

Kuna kichwa kilichovimba mithili ya kiazi, kinywa chenye meno ya msumeno, macho mawili yasiyolingana, na mkono unaoanza kama mkono ukaishia kuwa mzizi. Pembeni hung'ara nyota. Hakuna rangi yoyote isipokuwa nyeusi.

Kilichomo humo, hata hivyo, si mchezo. Miró, aliyezaliwa Barcelona mwaka 1893, alianza michoro hiyo mwaka 1939 akiwa Ufaransa, wakati majeshi ya Jenerali Francisco Franco yalipokuwa yameshinda vita vya wenyewe kwa wenyewe nchini mwake.

Mwaka 1940 majeshi ya Ujerumani yalipoingia Ufaransa, alilazimika kukimbia pamoja na mkewe na binti yao, akarejea katika Hispania ile ile iliyokuwa mikononi mwa Franco. Huko aliishi kimya. Miaka mitatu kabla ya hapo alikuwa amechora picha kubwa ya mkulima wa Katalonia aliyeinua mundu, ikaonyeshwa Paris mwaka 1937 katika jengo moja na Guernica ya Picasso. Mtu mwenye rekodi hiyo hakuwa na sababu ya kupiga kelele.

Chapa hizo zilitolewa Barcelona mwaka 1944 kwa msaada wa rafiki yake Joan Prats, kwa nakala chache mno, zisizofika hata 10. Hazitaji jina la mtawala wala la mji. Lakini lile zimwi lenye pua ndefu, linalowatisha wanawake na watoto ukurasa baada ya ukurasa, lilieleweka na kila aliyetaka kuelewa.

Hapo ndipo penye nguvu ya mtindo wake. Wachambuzi wa miaka ya 1930, akiwamo Alfred Barr wa Jumba la Sanaa za Kisasa la New York, waliigawa sanaa dhahania katika mikondo miwili: mmoja wa miraba na mistari iliyonyooka, mwingine wa maumbo yanayofanana na viumbe hai, kama amiba, mbegu, figo au kiinitete.

Miró ni wa mkondo wa pili. Umbo lake halimwigi kiumbe yeyote, ila lina uhai. Laonekana kama linakua, linajigawa, linataka kula. Kutoka kwa kundi la usurealisti, lililotoa ilani yake Paris mwaka 1924, alijifunza kuuacha mkono utangulie na akili ifuate. Si kwamba alichora ovyo: doa la kwanza lilikuja lenyewe, mengine aliyapanga kwa makini ya sonara.

Uchapaji wa jiwe, au litografia, ulimfaa mno. Ufundi huo, uliobuniwa Ujerumani na Alois Senefelder katika miaka ya 1790, hauhitaji kuchonga chochote. Msanii huchora kwa chaki au wino wenye mafuta juu ya jiwe la chokaa lililosawazishwa. Jiwe hutiwa dawa ya tindikali na utomvu wa mgunga, kisha hulowanishwa. Sehemu tupu hushika maji; sehemu zilizochorwa huyakataa, na ndizo pekee zinazopokea wino wa mafuta kutoka kwenye rola.

Kwa kuwa hakuna patasi, kila mtetemo wa mkono hubaki. Katika Msururu wa Barcelona Miró alichora kwanza kwenye karatasi maalumu, ambayo mchoro wake huhamishiwa kwenye jiwe, hivyo picha haikugeuka kushoto kulia.

Baada ya vita alifanya kazi na karakana ya Mourlot jijini Paris, na rangi zikaingia: nyekundu, manjano, buluu. Mwaka 1954 alipewa tuzo kuu ya chapa katika maonyesho ya Venice. Kufikia kifo chake mwaka 1983 alikuwa ametengeneza litografia zaidi ya 1,000. Kwa maoni ya mwandishi huyu, nyingi za miaka ya mwisho zinapendeza ukutani tu. Hazina hofu ile ya mwaka 1944.

Wingi huo umezaa pia biashara ya kughushi. Chapa za toleo maalumu huwa na sahihi ya penseli na namba ya nakala, lakini zipo litografia halisi zisizo na sahihi, zilizofungwa ndani ya vitabu na majarida ya sanaa kama Derrière le miroir. Sahihi nayo huongezwa na matapeli, kwa hiyo mnunuzi makini hukagua kwanza karatasi na wino, kisha huilinganisha chapa na orodha kamili ya kazi za Miró.