Wachoraji na Habari za Siku: Tuwasikilize Namna Gani?

Nabii Natani alipotumwa kwa mfalme Daudi, hakuanza kwa kumtaja Uria wala mke wake. Alimtolea hadithi ya tajiri aliyemnyang'anya maskini mwana-kondoo wake mmoja tu. Daudi akawaka hasira, akamhukumu tajiri yule. Ndipo akaambiwa kwamba tajiri ni yeye mwenyewe. Hadithi ile ilikuwa habari ya siku zile zile, ila ilivikwa nguo nyingine.

Katika Kongo yetu, kazi ya namna hiyo imefanywa na wanamuziki na wachoraji wa picha. Sisi tunaowafundisha watu Neno la Mungu tunakuta picha zao ndani ya nyumba za waamini. Basi yafaa tujue zilitoka wapi, zinasema nini, na sisi tufanye nini mbele yake.

I. Zilitoka wapi?

Mwaka wa 1946, Mfaransa mmoja, Pierre Romain-Desfossés, alianzisha nyumba ya uchoraji pale Elisabethville, ndiyo Lubumbashi ya leo. Iliitwa Hangar. Wanafunzi wake wenye sifa ni Pilipili Mulongoy, Bela na Mwenze Kibwanga. Mwalimu hakutaka waige picha za Ulaya. Walichora samaki, ndege, nyoka na wawindaji. Kazi zao ni nzuri, zinasifiwa hata leo. Lakini walionunua hasa walikuwa Wazungu, na katika picha zile si rahisi kuona mgodi, wala gereza, wala kodi.

Kisha uhuru wa 1960, na zaidi katika miaka ya 1970, uchoraji wa namna nyingine ulisitawi katika miji ya Katanga. Wachoraji wengi walijifunza wenyewe. Walichora juu ya nguo ya magunia ya unga, wakatembeza picha nyumba kwa nyumba, wakauza kwa bei ndogo. Wanunuzi walikuwa wafanyakazi, makarani na waalimu. Mtu alitundika picha mahali pa kupokelea wageni, na wageni wakaanza mazungumzo juu yake.

II. Zinasema nini?

Watu waliziita picha hizo ukumbusho. Picha nzuri kwao ni ile inayomkumbusha mtu jambo na kumfungua kinywa.

Picha moja iliyopendwa sana ni ile inayoitwa «Colonie belge». Ndani yake tunaona kiwanja cha gereza, bendera ya Ubelgiji, Mzungu wa Leta amesimama na kofia yake, na askari mweusi anampiga fimbo mfungwa aliyelazwa chini. Mtu atauliza: aliyekwisha kupata uhuru atundike fimbo ile nyumbani kwa sababu gani? Sababu ni mbili. Ya kwanza ni wazi: watoto wajue mateso ya baba zao. Ya pili imefichika: mwenye kushika fimbo ni mweusi kama mfungwa. Wakati wa utawala wa Mobutu, toka 1965 mpaka 1997, kusema waziwazi juu ya magereza ilikuwa hatari. Picha ya zamani iliweza kusema habari ya leo bila kutaja jina la mtu. Ndiyo njia ya Natani.

Kule Kinshasa, Chéri Samba, aliyezaliwa mwaka wa 1956, alifungua nyumba yake ya kazi mwaka wa 1975. Yeye huandika maneno juu ya picha, ili mpita njia asimame asome. Na mwaka wa 1987 mwanamuziki Franco alitoa wimbo «Attention na SIDA». Onyo juu ya ugonjwa ule likaingia hata ndani ya baa, mahali asipoingia katekista.

III. Picha ya misalaba mitatu

Hapa tunafika kwenye jambo gumu. Tshibumba Kanda Matulu, aliyezaliwa Elisabethville mwaka wa 1947, alijiita mwana-historia. Katika miaka ya 1973 na 1974 alimchorea Johannes Fabian, mwalimu wa universite pale Lubumbashi, historia yote ya nchi katika picha kama mia moja, akaieleza kwa Kiswahili. Fabian aliitoa katika kitabu mwaka wa 1996. Lakini tangu mwanzo wa miaka ya 1980 hakuna habari ya mchoraji mwenyewe.

Katika picha moja alionyesha maiti ya Lumumba, Mpolo na Okito, waliouawa Katanga tarehe 17 Januari 1961. Nyuma yao kuna misalaba mitatu. Tshibumba alisema wazi kwamba kwake Lumumba ni kama Bwana Yezu wa nchi.

Je, tuikatae picha hii? Tuiangalie kwanza. Wale watatu hawakupata kaburi. Miili yao iliharibiwa kwa asidi, na jino moja tu la Lumumba lilirudishwa na Ubelgiji mwaka wa 2022. Watu wasio na kaburi la kulilia wanatafuta alama. Tshibumba alichukua ile iliyofundishwa katika katekismo: mtu asiye na hatia, kati ya wawili, juu ya kilima. Kumbe mafundisho yetu yalifika mbali kuliko tulivyodhani.

Lakini hatuwezi kunyamaza juu ya kosa. Mkombozi ni mmoja. Kifo cha Lumumba ni dhambi kubwa ya wauaji wake, lakini hakiondoi dhambi za mtu. Tena Eklezya humwita shahidi yule aliyeuawa kwa ajili ya imani, kama Mwenye heri Anuarite, aliyekufa Isiro tarehe 1 Desemba 1964. Kumheshimu mtu aliyeipenda nchi yake ni haki. Kumweka mahali pa Kristu ni kosa.

IV. Tufanye nini?

Kwanza, tukiona picha kwa mwamini, tusicheke, tusikemee. Tumwulize: «Baba, hapa wanafanya nini?» Atatuambia mambo ambayo hatayasema katika mkutano wa parokia.

Pili, tupime matunda yake. Ukumbusho waweza kuzaa haki. Waweza pia kuzaa kisasi. Katanga inajua hayo: katika miaka ya 1992 na 1993 ndugu wenye asili ya Kasai walifukuzwa katika nyumba zao. Picha au wimbo unaofundisha kuchukia kabila fulani si ukumbusho tena, hata kama mchoro ni mzuri.

Tatu, tusitake mchoraji awe msifu wetu. Wakubwa wa Leta walitaka hivyo, wakapata nyimbo nyingi za uongo. Mtaguso wa Vatikano II, mwaka wa 1965, katika Gaudium et Spes, ulifundisha kwamba kazi hizi zinaonyesha taabu na matumaini ya watu, na kwamba Eklezya izikubali namna mpya zake. Siku moja mchoraji atachora padri mwenye kupenda franga. Siku hiyo tumkumbuke Daudi. Hakumfukuza Natani, hakumfunga. Alikubali kosa lake, akatubu.