Pumzi na Mwendo: Afya katika Mazoezi ya Jadi ya Bara Asia

Mwanafunzi wa mofolojia hahitaji kwenda mbali ili kuuona uhusiano wa pumzi na afya. Kitenzi pumua, nomino pumzi na kitenzi pumzika ni vya ukoo mmoja. Hata maradhi ya pumu yamo humo. Aliyelitumia neno pumzika kwanza kwa maana ya kustarehe baada ya kazi alikuwa amekwisha kung'amua kwamba mwili hauwezi kutulia ilhali pumzi inahangaika. Makala haya yanakusudia kueleza jinsi wazo hili lilivyokuzwa likawa mazoezi kamili nchini Uchina na India, na kubainisha yapi katika manufaa yake yamethibitishwa na yapi yametiwa chumvi.

Lugha za huko nazo zina ushuhuda wake. Alama ya Kichina isomwayo qi, katika umbo lake la jadi, huunganisha mvuke na mchele: yaani kile kinachofuka chunguni. Katika Kisanskriti, pranayama ni muungano wa prana, pumzi au uhai, na ayama, kurefusha. Mazoezi yenyewe ni ya kale. Katika miaka ya 1970, wanaakiolojia waliofukua makaburi ya Mawangdui, mjini Changsha, walipata mchoro wa hariri katika kaburi lililofungwa mwaka 168 K.K. Mchoro huo una watu 44, wake kwa waume, wakijinyoosha, wakijipinda na kupumua kwa namna mbalimbali. Taijiquan ilikuja baadaye sana. Asili yake huhusishwa na kijiji cha Chenjiagou, jimbo la Henan, katika karne ya 17, na wengi husahau kwamba quan ni ngumi: huu ulikuwa mchezo wa kupigana kabla haujawa dawa ya wazee bustanini. Mwaka 1956 serikali ya Uchina iliufupisha ukawa na mitindo 24 ili umma ujifunze kwa wepesi.

Sasa tuitazame pumzi yenyewe. Mtu mzima aliyetulia hupumua takriban mara 12 hadi 20 kwa dakika. Anapovuta hewa, mapigo ya moyo huongezeka kidogo; anapoitoa, hupungua, kwa kuwa neva ya vagasi, itokayo kwenye ubongo hadi moyoni na tumboni, huurudisha moyo nyuma kama mshika hatamu. Aidha, shinikizo la damu lina wimbi lake la asili linalopanda na kushuka takriban kila baada ya sekunde kumi. Mtu akipunguza pumzi zake zikawa sita kwa dakika, wimbi la pumzi na wimbi la damu huenda sambamba, na vihisio vilivyomo katika mishipa mikubwa ya shingo hufanya kazi kwa wepesi zaidi. Hicho ndicho kiini cha mambo. Hakuna muujiza, na wala si lazima mtu aiamini qi ili moyo wake utulie.

Hapa msomi wa fasihi anapaswa kusogeza kiti chake karibu. Mwaka 2001, Luciano Bernardi na wenzake wa Pavia, Italia, walichapisha katika jarida la kitabibu la BMJ utafiti uliohusu watu 23. Waliwapima wakikariri sala ya rozari kwa Kilatini, na tena wakikariri mantra ya Kibudha. Sala mbili za dini mbili zilizotengana kwa milima na bahari, lakini zote ziliishusha pumzi hadi kiasi cha mara sita kwa dakika. Miaka mitatu baadaye, watafiti wa Ujerumani na Uswisi waliwapima watu 20 wakighani ushairi wa Homer katika tafsiri ya Kijerumani iliyohifadhi bahari yake ya kale. Moyo na pumzi vilikwenda pamoja wakati wa kughani kuliko hata wakati wa zoezi la kupumua kwa mpango, sembuse kupumua kwa kawaida.

Sisi tumezoea kuieleza mizani kama suala la sikio na kumbukumbu. Tunahesabu silabi nane za ukwapi na nane za utao, tunatia alama ya mkato katikati, kisha tunahamia kwenye vina. Lakini mghani hasimami pale kwa sababu ya alama ya mkato. Husimama kwa sababu ana mapafu. Yeyote aliyewahi kughani beti ishirini mfululizo anajua jinsi pumzi inavyojitafutia mahali pake, ikawa fupi kuingia na ndefu kutoka. Jambo hili linastahili tasnifu, na vifaa vyake ni saa ya mkononi na mghani mwenye subira.

Turejee kwenye mwendo. Nyanya yangu alianguka mlangoni pa jikoni akiwa na umri wa miaka 74, akavunjika kifundo cha mkono. Hakukuwa na utelezi wala giza; aligeuka tu ghafla alipoitwa. Tangu siku hiyo aliogopa kutembea, na kadiri alivyoogopa ndivyo miguu ilivyozidi kudhoofika. Hofu hiyo ndiyo inayonifanya nione kuwa taijiquan inastahili kuangaliwa kwa makini. Anayeifanya hukunja magoti kidogo, akauhamisha uzito wake polepole kutoka mguu mmoja hadi mwingine, kichwa kikigeuka na mikono ikifuata. Ni kule kugeuka kulikomwangusha nyanya, ila hapa kunafanywa kwa mwendo wa kinyonga hadi vifundo na mapaja yajue kazi yao.

Ushahidi upo. Mwaka 2012, jarida la New England lilichapisha utafiti uliofanywa Oregon, Marekani, kwa wagonjwa 195 wa maradhi ya Parkinson. Waliofanya taijiquan mara mbili kwa wiki kwa wiki 24 walisimama kwa uthabiti kuliko wenzao, na walianguka mara chache kuliko waliojinyoosha tu. Tathmini ya Cochrane ya mwaka 2019, iliyokusanya tafiti nyingi za mazoezi ya wazee, iliona kwamba taijiquan hupunguza idadi ya wazee waangukao kwa takriban asilimia 20. Kwa maumivu ya magoti yatokanayo na kulika kwa gegedu, utafiti wa mwaka 2016 ulionyesha nafuu inayolingana na ya tiba ya viungo.

Kinachobaki ni kuonya. Katika miaka ya 1980 Uchina ilikumbwa na wimbi la walimu wa qigong waliodai kuponya watu kwa kuwaelekezea viganja, na hata mwanasayansi mashuhuri wa roketi, Qian Xuesen, aliwaunga mkono watafiti wa mambo hayo. Wafuasi wa madai kama hayo hawajaisha, na hatari yao kubwa ni pale mgonjwa wa kisukari au wa shinikizo la damu anapoambiwa atupe tembe zake. Pia kuna wanaochanganya pumzi ya polepole na pumzi ya nguvu. Kupumua kwa kasi hupunguza kabonidioksidi katika damu, mishipa ya ubongo ikasinyaa, na mtu akashikwa na kizunguzungu. Mja mzito na mwenye maradhi ya moyo wajiepushe nako.

Anayetaka kuanza na aketi wima, aweke kiganja juu ya kitovu, avute hewa puani kwa sekunde nne na kuitoa kwa sekunde sita. Dakika tano zatosha kwa siku za mwanzo. Nyanya aliukataa mtindo wowote wenye jina la Kichina, lakini alikubali kuhamisha uzito wake huku na huku kila asubuhi, akikishika kiegemeo cha kiti na kuhesabu pumzi kwa sauti. Tembe zake za shinikizo la damu anaendelea kuzimeza baada ya chai.